Mashua ya Baba na Ubao wa Mwanangu

Mashua ya marehemu baba yangu ilikaa mchangani hapa Gazi miaka 9 baada ya yeye kutangulia mbele ya haki. Tulimzika mwaka wa 2014, na chombo chake kikabaki pale pale alipokiegemeza, chini ya mvinje, ubavu mmoja ukiielekea bahari na wa pili ukiielekea mikoko. Kusi likavuma likaujaza mchanga ndani, kaskazi likaja likazikausha mbao zikapasuka. Watoto walipanda na kuteremka, kuku wakataga mayai ngamani. Kila aliyepita aliiita mashua ya mzee, wala hakuna aliyeuliza sasa ni ya nani. Nami sikuuliza. Swali hilo lilinijia baadaye sana, kwa njia ambayo sikuitazamia.

Mwanangu wa pili ni seremala. Alijifunza kazi kwa fundi wa milango na vitanda kule Ukunda, na mikono yake, alhamdulillahi, imerithi utulivu wa babu yake. Ufuo wa Diani hadi Galu, kama wengi wenu mjuavyo, una upepo ambao wageni husafiri mbali kuufuata. Hujifunga tiara kubwa ya kitambaa, wakasimama juu ya ubao, na upepo ukawavuta juu ya maji mpaka kwenye mawimbi ya mwambani. Mbao hizo huvunjika. Mwanangu alianza kwa kuletewa zilizopasuka azitengeneze, na kwa kuzifungua akajua zilivyoundwa: povu gumu katikati, kitambaa cha faibaglasi juu yake, na resini iliyokauka ikawa kama kioo. Siku moja akaniambia, "Mama, hizi za povu nikizivunja zinabaki taka tu. Mimi naweza kuunda ya mti."

Sitaficha kwamba moyo wangu haukutulia. Ufuo una riziki na una mitego, na mama yeyote wa Kusini Pwani anayo majina ya vijana waliokwenda kutafuta la kwanza wakanaswa na la pili. Tukashauriana na baba yake. Tukamwambia: kazi ifanyike hapa nyumbani, chini ya mwembe, sala zisikupite, na anayetaka ubao atakuja kuuona hapa. Akakubali. Nami nikapata faida nisiyoitarajia, kwani kazi iliyofanyika uani mwangu niliiona hatua kwa hatua.

Mchezo huu wa kusimama juu ya wimbi ni wa watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, na waliotajika zaidi ni watu wa Hawaii. Mabaharia wa Captain Cook waliuona huko mwaka wa 1779 wakastaajabu, ilhali wenyewe walikuwa nao tangu zama za mababu. Mbao zao zilikuwa za mti, na mmoja kati ya miti waliyotumia ni mshelisheli, ndugu wa ule unaotupa chakula hapa pwani. Povu na faibaglasi vilishika soko katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, Mmarekani Tom Blake alikuwa amekwisha kupunguza uzito wa mti kwa kuunda ubao ulio mtupu ndani, na mwaka wa 1932 akapewa hataza ya uvumbuzi wake.

Mwanangu alipojifunza habari za ubao mtupu kutoka kwenye simu, alicheka. "Mama, hii ni mashua iliyofunikwa!" Kweli ilikuwa hivyo. Uti wa katikati ni kama mkuku. Vipande vya plaiwudi vinavyokatiza kulia na kushoto ni mataruma. Juu na chini hutandazwa mbao nyembamba zilizoshonana ubavu kwa ubavu, kama vile baba alivyokuwa akizipanga. Tofauti ni kwamba baba alizipigilia misumari, akaziba mishono kwa pamba ya kalafati iliyolowa mafuta, akapaka sifa sehemu za juu na deheni ya chokaa na shahamu sehemu zinazokaa majini. Mwanangu hutumia resini ya sehemu mbili zinazochanganywa, kisha huvika ubao wote kitambaa cha faibaglasi. Huacha kitundu kimoja chenye kizibo, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani hupata joto juani, ikavimba na kuipasua mishono.

Ilibaki kupata mti. Mbambakofi na mvule waliozoea kuundia vyombo wazee wetu ni adimu siku hizi, na ukiupata bei yake inatisha. Mikoko, ambayo mlilana wake ulitoa mataruma mazuri, haikatwi ovyo tena, na sisi wa Gazi tuna sababu ya kuilinda: tangu mwaka wa 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa safi ya msitu huu, na fedha zake zimeingia katika maji na shule za kijiji. Basi fundi mwenye akili hutazama kile kilichokwisha kukatwa. Wenzetu wa Lamu wametuonyesha hayo kwa njia ya ajabu: mwaka wa 2018 fundi Ali Skanda na wenzake waliishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kuvikwa rangi za kandambili 30,000 zilizookotwa, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Ikiwa kandambili zimefika Unguja, mwanangu alisema, mashua ya babu itashindwaje kufika Galu?

Nikampigia simu kaka yangu aliyeko Mombasa. Akajibu bila kufikiri, "Chukueni tu, kigofu kile. Kijana asaidike." Tukaona ruhusa imepatikana. Siku iliyofuata msumeno ukaingia.

Mashua ile ilikuwa na mbambakofi chini na mwembe juu, kwa sababu baba alizibadilisha mbao za juu miaka ya mwisho, pale mkono wake ulipopungua nguvu na mfuko nao ukapungua. Mwembe ni mwepesi kuliko mbambakofi, kwa hivyo mwanangu alichagua mwembe kwa ngozi ya ubao na mbambakofi kwa uti na kingo. Alizitoa misumari moja moja, akaziosha mbao kwa maji baridi ili kuondoa chumvi, akazianika kivulini majuma kadhaa. Alipozipiga randa, harufu ya sifa ilijaa uani. Nilisimama mlangoni na upawa mkononi nikawa mtoto wa miaka 8, nangojea baba atoke pwani.

Ubao wa kwanza ulipokamilika ulikuwa mzuri wa kutia shaka. Rangi ya asali katikati, mistari ya mbambakofi pembeni, na alama nyeusi za matundu ya misumari ambazo mwanangu alizijaza kwa resini akaziacha zionekane, maana wanunuzi huzipenda. Kijana mmoja kutoka Nairobi, anayefundisha mchezo huo Galu, aliuona akataka kuununua. Bei ilikuwa shilingi 45,000. Akatoa arbuni 15,000 hapo hapo na kuahidi kurudi baada ya siku 10.

Siku ya 7 nilikuwa nafagia ua. Ubao ulikuwa umelazwa juu ya vigoda viwili, nikauinua nipite chini yake, nikasikia maji yakitembea ndani: chwa, chwa.

Nikamwita. Alisimama akiangalia miguu yake, kisha akaeleza. Alikuwa ameujaribu ubao baharini mara mbili. Mara ya pili mshono mmoja karibu na mkia ulinyanyuka, maji yakaingia. Sababu aliijua: mbao za juu zilikunywa mafuta ya sifa miaka mingi, na resini haishiki penye mafuta. Ilikuwa imeng'ang'ania juu juu tu, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Nia yake ilikuwa kuyatoa maji, kujaza resini mpya katika ufa, kupiga msasa na kupaka vanishi mara mbili.

"Hataona, mama," akasema.

"Yeye hataona," nikamjibu, "lakini bahari itaona."

Tukakaa kitako penye mkeka. Nikamkumbusha kisa ambacho sote tulifunzwa chuoni: Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akauingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Nikamwambia mwanangu: nafaka iliyolowa hutia hasara mfukoni. Ubao unaofunguka nje ya mwamba, upepo wa kusi ukivuma, humwacha mtoto wa watu bila cha kushikilia. Alichokilipia yule kijana hasa kimo ndani, mahali ambapo macho yake hayafiki. Ndiyo maana ya amana.

Mwanangu hakubisha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, swali ambalo mpaka leo sijui kama alilikusudia lilivyonifika: "Mama, nikimwambia kila kitu, na akiuliza mti umetoka wapi, nimwambie ni wa nani?"

Nilitaka kusema ni wa babu yako. Ulimi ukakwama. Maiti hana mashua.

Baba alipofariki wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha mke, ambaye ni mama yetu na yu hai, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Madeni yake madogo tuliyalipa katika mwezi ule ule, na wasia hakuacha. Nyumba na minazi tuligawana mbele ya wazee wa mtaa. Mashua hakuna aliyeitaja, kwa kuwa ilikuwa imechakaa na kwa kuwa kuitazama kulituuma. Miaka 9 baadaye mimi na kaka yangu tuliikata kwa mazungumzo ya simu yasiyozidi dakika mbili. Mama yangu alikuwa chumbani akisali adhuhuri, sikumuuliza. Dada yangu mkubwa yuko Vanga, safari ya asubuhi moja kwa matatu, sikumpigia. Yeye ndiye aliyekaa na baba miezi mitatu ya kusi wakishona tanga jipya la mashua ile, vidole vyake vikitoka damu kwa sindano, na mimi nikiwa mdogo nisiyejua hata kutunga uzi.

Nilikuwa nimemkemea mwanangu kwa kuficha maji ndani ya ubao, nami nilikuwa nimeficha haki za wanawake wawili ndani ya mti wenyewe. Tena nilikuwa mwanamke kama wao, wala hilo halikunizuia.

Sisi Wadigo tuna historia ndefu katika jambo hili. Zamani wazee wetu walirithishana kwa upande wa mama, mali ya mtu ikaenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Uislamu uliposhika mizizi, mafungu ya Qur'ani yalikuja na mke na binti wakitajwa kwa hesabu, si kwa hisani. Hata Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 170, imetuachia Kadhi kwa ajili ya mirathi yetu. Hatukosi sheria. Tunachokosa mara nyingi ni kuuliza, hasa pale kitu kinapoonekana kidogo au kibovu, au pale mwanamume wa familia anapokuwa amesema "chukueni".

Nikamwita fundi mmoja mzee wa vyombo aikadirie mashua. Aliizunguka pole pole, akagonga mbao zilizobaki kwa kisigino cha tezo, akazitazama zilizokwisha kupasuliwa, akasema mti wote haukuzidi shilingi 16,000. Hesabu ikawa hivi. Mke ana thumni, na kinachobaki mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili na binti fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 32, mama yetu ana 4, kaka 14, dada 7 na mimi 7. Kila fungu ni shilingi 500. Mama 2,000, kaka 7,000, dada 3,500, mimi 3,500.

Mwanangu alikubali kuinunua mashua kwa warithi kwa bei hiyo, kwa fedha za kutengenezea mbao za wageni, na lile fungu langu nikamwachia mimi mwenyewe. Kabla ya kulipa, mimi na yeye tukapanda matatu mpaka Vanga.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Nilidhani dada yangu atacheka na kusema nimesamehe, mambo madogo haya, na sote tutakunywa chai. Nilipomaliza kueleza, alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza mashua imekatwa lini. Nikamwambia. Akauliza tanga liko wapi. Nikamwambia liliozea darini zamani. Akafuta macho kwa leso yake, halafu akasema, "Mdogo wangu, kila mahali naambiwa nisamehe. Minazi ya kwa mume wangu niliambiwa nisamehe hata kabla sijaijua idadi. Nipe kwanza changu mkononi. Nikishakishika, nitajua mwenyewe la kufanya nacho."

Mwanangu akahesabu 3,500 juu ya mkeka. Dada akazihesabu tena, akazitia mkobani, akaenda kupika. Hakuzirudisha, na Mola anajua nilifurahi kwamba hakuzirudisha. Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba kinachochukuliwa kwa mtu kwa kumtia haya hakiwi halali kwa anayekichukua. Na ni wanawake wangapi miongoni mwetu wanaosamehe mafungu yao mbele ya umati wa wanaume, sahani ya pilau ikingojea, kwa kuogopa kuitwa wenye tamaa? Msamaha wa kweli ni wa mtu aliyekwisha kukishika chake.

Mama yetu alizipokea 2,000 zake, akazifunga penye pindo la leso, akauliza, "Ni za mashua?" Nikasema naam, na nikamwomba radhi. Akasema baba angefurahi. Kaka yangu alicheka simuni nilipomtumia 7,000. Nilipomsomea hesabu yote akaacha kucheka, akasema kuna mambo mengine ya baba ambayo yafaa tukutane tuyatazame. Tulikutana Idi iliyofuata.

Ama yule mnunuzi, mwanangu alimpigia simu kabla ya siku ya 10 kufika. Akamweleza kuhusu sifa, mshono na maji, akamrudishia arbuni yake. Kijana yule alishukuru na kukata simu, nasi tukadhani yamekwisha. Mwanangu akaanza upya. Safari hii alizipiga randa mbao mpaka harufu ya sifa ikaondoka, akazipangusa kwa kiyeyusho, na kila ubao alikata kipande, akakiunga kwa resini na kukizamisha ndani ya ndoo ya maji ya bahari siku 7. Kipande kilichoachana, ubao wake ulikuwa kuni zangu. Nilipikia wali kwa mbao nyingi za baba msimu ule. Kazi ilichukua miezi miwili. Ubao wa pili ulipokamilika tuliulaza ndani ya maji usiku kucha, asubuhi tukautikisa tukitega masikio, mimi upande wa mkia na yeye upande wa kichwa. Ulikuwa kimya.

Yule kijana wa Galu alirudi mwenyewe, akalipa zote 45,000. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona fundi akirudisha arbuni bila kudaiwa.

Ubao wa kwanza haukuuzwa. Mwanangu aliupasua kwa urefu, akautundika ukutani chini ya mwembe, tumbo likielekea watu, mataruma yakiwa wazi na ule mshono ulionyanyuka ukionekana. Anayekuja kuagiza huonyeshwa kwanza huo, akaelezwa ni wapi kazi inaweza kuharibika na imezuiwa vipi. Baadhi huondoka. Wanaobaki huagiza wakijua wanachokinunua.

Ndugu zangu mnaosoma haya, nawaomba jambo moja juma hili. Tazameni nyumbani mwenu kitu cha marehemu ambacho hakijagawanywa: cherehani, mtumbwi, minazi mitatu nyuma ya kisima, hata mlango wa zamani unaongojea fundi. Kabla msumeno haujaingia, pigeni simu Vanga. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuzifikishe amana zao kwa wenyewe. Amin.